Namna ya Kuvuka Mpaka na Mama Mkwe

Kabla ya safari nilisoma ushauri mwingi kwa wasafiri wa nchi za nje, na sasa nina hakika kwamba wote uliandikwa na watu wasio na mama mkwe. Wanasema pasipoti iwe imebakiza zaidi ya miezi sita. Sawa. Wanasema kadi ya njano ya chanjo usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, uwe nayo mkononi. Sawa kabisa. Wanasema usibebe mzigo wa mtu usiyemjua, hata akikulilia. Hilo nalo nakubali. Kisha wanasema, kwa raha zao, kwamba ndugu wanaosafiri pamoja wachague viti vya kukaa pamoja, wapange foleni moja, na wasimame pamoja mbele ya afisa uhamiaji. Hapo ndipo waliponimaliza.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi. Kibanda changu kipo Mkuyuni, Mwanza, nyumba yangu ipo Kiseke, na kabla ya mwaka ule nilikuwa nimevuka mipaka miwili tu maishani: Sirari kufuata vipuri, na Mutukula kwenda msibani. Yote kwa basi. Unashuka, unagongewa muhuri, unanunua karanga, unarudi kwenye kiti chako. Hakuna anayekuuliza unampenda nani.

Mke wangu ni mwalimu. Alipata nafasi ya kusoma miaka miwili Ulaya, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu watu wake hawakunikosea lolote. Alikuja nyumbani likizo, akarudi masomoni, na mwezi mmoja baadaye akanipigia simu kuniambia kwamba hakurudi peke yake. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza tulizizika. Madaktari wa kule wakamkataza kupanda ndege, wakamlaza, wakapanga siku ya kumfanyia upasuaji: Alhamisi, asubuhi.

“Nataka mama awepo,” akaniambia.

“Na mimi?”

“Wewe ndiye utakayemleta.”

Sikubishana. Mwanamke aliyetoka chumba cha kujifungulia mikono mitupu mara mbili haulizwi kwa nini anamtaka mama yake. Viza zilichelewa, kama zinavyochelewa viza, na zilipotoka tukawa na siku za kuhesabu: kuondoka Mwanza Jumanne, kufika Jumatano, Alhamisi upasuaji. Mtu mmoja tu akitukwamisha njiani, mke wangu angeingia chumba cha upasuaji bila mama yake.

Sasa lazima nieleze kidogo, maana siku hizi wapo vijana wanaotaniana na wakwe zao kwenye simu. Mama mkwe wangu ni mjane wa ufukweni, upande wa Mara, mama wa watoto wanne, mkulima wa mihogo na kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Kwao na kwetu, desturi ya ukwe ni moja. Katika miaka sita ya ndoa hatukuwahi kupeana mikono. Hatukuwahi kula tukionana. Hatukuwahi kukaa benchi moja, hata la kanisani. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye shamba la watu mpaka apite. Na juu ya yote, mimi simtaji jina lake, naye hanitaji langu. Si uadui. Ni heshima, na ni kubwa kiasi kwamba mtu akiitazama kwa mbali anadhani ni ugomvi.

Alipokuja Mwanza siku mbili kabla ya safari, hakuweza kulala chini ya paa langu, hivyo akafikia kwa shangazi yangu Kisesa. Maelekezo yote ya safari nikayatoa kwa simu kupitia shangazi. “Mwambie mama asibebe chupa za maji.” Namsikia shangazi akimwambia, “Kwenye ndege maji ni marufuku.” Mama mkwe, kwa kuogopa kiu, akanywa jagi zima asubuhi ya safari, na kuanzia Kisesa mpaka uwanja wa ndege dereva wa teksi alisimama mara tatu. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye bodaboda. Kila waliposimama nami nikasimama, nikageuka kuangalia ziwa.

Ushauri wa kwanza, basi, ni huu: vaa suruali isiyohitaji mkanda. Pale uwanjani kijana wa ukaguzi aliniamuru nivue viatu, nivue saa, nivue mkanda. Nilikuwa nimekonda kwa mawazo ya miezi minne. Suruali ikaanza kushuka, nami nina sinia la plastiki mkono mmoja, na mama mkwe yupo hatua tatu nyuma yangu. Alipoona dalili akageukia ukutani, akajifunika kitenge kichwani. Dada mkaguzi akamfuata mbio.

“Mama, mbona unajificha? Umebeba nini?”

“Sijabeba kitu, mwanangu. Namsubiri huyo baba avae.”

“Baba gani?”

Mama mkwe akaelekeza kwa kidevu, bila kunitazama. Dada yule alikuwa mtu wa kwetu, nadhani, maana alinitazama, akamtazama mama, akaelewa yote mara moja. Akasimama katikati yetu kama pazia mpaka nikamaliza kujifunga. Sijasahau wema ule.

Dar es Salaam tukapanda ndege kubwa. Hapo ndipo nilipogundua dhambi niliyoitenda wiki tatu nyuma. Binti wa duka la tiketi aliniuliza, “Mnasafiri pamoja? Niwaweke pamoja?” nami, nikiwa nimetoka kusoma ule ushauri, nikajibu ndiyo kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Mama alipewa kiti cha dirishani. Mimi nilipewa cha katikati. Cha pembeni alikaa bwana mmoja mnene, Mzungu, mwenye vidude vya muziki masikioni. Nilisimama pale kwenye njia nikiutazama mkono wa kiti ambao bega langu na la mama mkwe wangu yangeugawana kwa saa nyingi.

Nikamwomba yule bwana, kwa Kiingereza changu cha vitabu vya injini, akae katikati. Akasema alichagua pembeni kwa sababu ya goti. Nikamwambia pole ya goti, lakini yule ni mama wa mke wangu. Akasema hongera. Nikaona huyu hatanielewa leo. Watu nyuma yangu wanasukuma, mhudumu ananiambia niketi, na mama mkwe amejibana kwenye dirisha mpaka nikakihurumia kioo. Mwisho yule bwana alinitazama usoni, akaona nini sijui, akahamia katikati huku anaguna. Nadhani aliamini tumegombana.

Chakula kilipokuja, mama mkwe alikataa, kwa sababu mimi nilikuwepo. Mimi nikakataa, kwa sababu yeye alikuwepo. Mhudumu akaziweka trei zote mbele ya bwana wa katikati, naye hakuwa mtu wa kuona chakula kikirudi. Alikula kuku wake, akala kuku wangu, akala samaki wa mama. Njaa iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kumsikia akisifu.

Kisha ndege ikaanza kutikisika. Mama mkwe hawezi kunisemesha hivihivi, hasa kwa jambo la woga, hivyo akamgeukia bwana wa katikati na kumwambia kwa Kiswahili:

“Mwambie baba kwamba ndege inatikisika.”

Yule bwana akatoa vidude masikioni. “Pardon?”

“Mwambie mama ni mawingu tu,” nikamwambia yule bwana, nikitazama mbele. “Mwambie hata mtumbwi hutikisika ukikutana na upepo.”

“Mwambie baba mtumbwi uko juu ya maji. Hii iko juu ya nini?”

Tuliendelea hivyo mpaka tulipotua kubadilisha ndege, tukimtuma ujumbe mtu asiyejua neno moja, na nakiri kwamba sijawahi kuzungumza na mama mkwe wangu kwa uhuru kama siku ile. Tuliongea habari za mvua, bei ya mihogo, daktari wa mke wangu, kama baridi ya kule inaua. Yule bwana alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. Tulipoachana alitupa mkono sote wawili.

Jumatano saa nne asubuhi tukafika. Ushauri wangu wa pili ni kwamba foleni ya uhamiaji si mahali pa kuonyesha heshima. Mimi nilijipanga foleni ya kushoto, mama mkwe ya kulia, tukiwa tumeachana hatua kumi, kila mmoja akitazama pembeni. Nilijiona nimefanya vizuri. Sikujua kwamba juu yetu kuna kamera, na nyuma ya kamera kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta wasafiri wawili wenye barua moja ya mwaliko, anwani moja, tiketi zilizolipiwa pamoja, wanaojifanya hawajuani.

Walituchukua wote wawili mpaka chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na simu. Afisa alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu. Ningependa kusema alitunyanyasa, hadithi ingenoga, lakini hapana. Alituelekeza viti viwili vilivyokaribiana. Sote tukabaki tumesimama.

Alianza na mimi. Huyu mama ni nani wako? Mama wa mke wangu. Anaitwa nani? Nikaomba kalamu. Wakati wa kujaza fomu za viza nilikwisha kulitafakari jambo hili na kuamua kwamba kuandika si kutaja, hivyo nikaandika jina lake lote kwenye karatasi, nikaisukuma mezani imefunikwa. Afisa akaisoma. Akaomba picha yoyote ambayo nipo na huyu mama. Nikafungua simu. Picha za injini, mamia. Picha za mke wangu. Picha ya harusi ipo, na mama mkwe yumo, mwisho kabisa upande wa kulia, nusu ya uso wake imekatwa na ukingo na nusu nyingine imegeuka. Nani anampiga picha mama mkwe wake?

Akampigia mke wangu, mwenyeji wetu. Simu iliita mpaka ikakatika. Baadaye tulijua alikuwa kwenye kipimo cha mwisho. Kwa wakati ule niliwaza mambo mengine.

Ndipo akampigia mkalimani na kuweka simu kwenye spika. Sauti ya mwanamke ikatoka, Kiswahili laini cha pwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazazi wazima? Wewe ni mtoto wa wapi?”

Yule dada akajibu ni wa Tanga, wazazi wazima, baba anasumbuliwa na mgongo. Mama akampa pole ya mgongo. Afisa akauliza wanazungumza nini, dada akamwambia bado wanasalimiana. Afisa akaangalia saa yake.

“Mama, afisa anauliza, huyu mwanamume ni nani kwako?”

“Amemwoa binti yangu.”

“Anaitwa nani?”

Mama mkwe akatazama dirisha, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila ukuta.

“Mama, wanataka jina lake tu.”

“Si lipo kwenye pasipoti yake? Mwambie asome.”

“Anataka alisikie kwako.”

“Mwambie mimi simtaji mkwe wangu mbele ya watu. Ni heshima.”

Dada akatafsiri. Afisa akasema kwamba yeye humwita mama mkwe wake kwa jina lake, na mama mkwe huyo humwita kwa lake, na wakikutana hukumbatiana. Mama mkwe wangu alipotafsiriwa hayo alimtazama yule kijana kwa huruma kubwa.

“Maskini,” akasema. “Kwa hiyo hana mkwe.”

Sijui kama dada wa Tanga aliitafsiri hiyo. Afisa akafunga faili. Akaeleza, taratibu, kwamba kama mama hawezi kuthibitisha anasafiri na nani, itabidi abaki pale mpaka wamchunguze, na huenda akarudishwa kwa ndege ya jioni. Mimi ningeweza kuendelea. Nilipotafsiri maneno hayo kichwani, niliiona Alhamisi yote. Nikaisahau adabu.

“Mama,” nikasema, nikiutazama ukuta, lakini nikisema naye moja kwa moja. “Wengine huandika.”

“Miwani ipo kwenye begi kubwa,” akajibu, naye moja kwa moja. Begi kubwa lilikuwa linazunguka kwenye mkanda wa mizigo.

Akakaa kwenye kiti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amechoka. Akavuta kitenge mabegani, akasema, “Mwanangu, mwambie huyo kijana anipe nafasi niombe.” Afisa alipotafsiriwa akainua mikono, kama mtu aliyekwisha kukubali kwamba asubuhi yake imeharibika. Mama mkwe akafumba macho.

Mama huyu anapoomba haharakishi. Alianza kwa kushukuru kwa ndege kutoanguka. Akamshukuru Mungu kwa bwana mnene wa katikati, na dada wa Tanga, aliyekuwa akitafsiri kila sentensi kwa sauti ya chini, akasita hapo kidogo. Akawaombea watoto wake kwa kufuata kuzaliwa kwao, kila mmoja kwa jina lake lote: wa kwanza na kazi yake, wa pili na pombe yake, wa tatu na mwanawe mwenye kifafa. Akamtaja mke wangu, wa nne, aliyelala hospitalini mji huohuo. Afisa alikuwa anaandika.

Kisha, bila kuvuta pumzi, akanitaja mimi.

Alitaja jina langu la ubatizo, akataja la baba yangu, akataja la babu yangu, ambalo hata mke wangu hulikosea. Alilitaja bila kusita, na mtu anayelitaja jina kwa mara ya kwanza hawezi kulitaja hivyo. Nikajua pale pale kwamba miaka yote sita, kila asubuhi, nimekuwa nikitajwa kwenye nyumba ile ya ufukweni, mtoto wa tano.

“Umshike huyu,” akasema. “Tulipozika wa kwanza alichimba mwenyewe. Tulipozika wa pili, ndugu zake walimketisha, wakamwambia atafute mwanamke mwingine mwenye kizazi. Akawaambia mke anaye. Wewe ulimsikia, na mimi nikaambiwa. Sikuweza kumshukuru, kwa sababu ni mkwe wangu. Basi umshukuru Wewe. Na kesho, ukitupa mtoto, umpe yeye kwanza amshike.”

Kikao kile cha ndugu zangu kilifanyika kibandani kwangu, mlango umefungwa. Sikumwambia mtu yeyote. Mke wangu sijamwambia mpaka leo hii ninapoandika. Nilisimama mbele ya serikali ya watu nikilia kwa sauti, mtu mzima, na sikutafuta hata pa kuficha uso.

Mama akamwombea pia afisa, apatane vizuri na mkwewe, akasema amina. Dada wa Tanga, ambaye nilimdhania si wa dini yetu, akasema amina kwenye spika. Akavuta makamasi, akamalizia kutafsiri.

Afisa hakuuliza tena jina. Aliniuliza jambo moja tu, polepole ili nielewe: ni kweli, hayo ya ndugu zako? Nikasema ni kweli. Akachukua pasipoti zote mbili, akagonga muhuri, akatufungulia mlango mwenyewe. Mama mkwe akatangulia, nami nikangoja mpaka amefika mbali ndipo nikatoka.

Alhamisi tulikaa korido moja ya hospitali kwenye safu ya viti sita, yeye mwanzo, mimi mwisho. Saa tatu na nusu mlango ukafunguliwa, nesi akatoka amebeba kifurushi cheupe kinachopiga kelele, akasimama kati yetu asijue ampe nani. Mama mkwe akanyoosha kidevu upande wangu, akageuka kutazama ukuta.

Mchana niliwapigia ndugu zangu Mwanza kuwaambia ni msichana na mama yake mzima. Wakafurahi, wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Wakaniuliza kama nilingoja peke yangu muda wote ule katika nchi ya watu. Nikawaambia hapana, nilikuwa na mama.